Ovaroli ya Tabaka Mbili

Loyd Tackett alimshika Delmer Rusk begani, akamgeuza kama anayekagua gunia la viazi, akaisoma lebo iliyokuwa kwenye mkono wa ovaroli yake. Aliisugua kwa kidole gumba, akainama kuisoma tena.

"Hii ulinunua lini, Delmer?"

"Nzima bado."

"Sijauliza kama ni nzima."

Foleni ya madereva ilikuwa ndefu nyuma yao, na jua la Jumapili la mwezi wa tano lilikuwa limeanza kuukausha udongo wa uwanja wa mbio za magari wa Pell Creek. Joetta, mke wa Delmer, alikuwa amesimama kando ya trela akiwa ameikumbatia helmeti ya mumewe. Alisikia mtu kwenye foleni akisema ovaroli hiyo ukiichemsha unapata supu ya petroli. Watu wakacheka, na Delmer naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hana njia nyingine.

"Leo nakuachia uendeshe," Loyd alisema. Alikuwa mkaguzi wa uwanja kwa miaka mingi, tena alisoma darasa moja na Delmer. "Lakini mwezi wa sita ukiingia, hakuna tena kitambaa kimoja. Tabaka mbili, kila dereva, kila gari. Tangu yule kijana wa kaunti ya pili aungue, kampuni ya bima imetukaba. Na binti yako Marlee vilevile, asiniletee lile koti ulilomrithisha."

"Marlee anaendesha wiki ijayo."

"Basi wiki ijayo ndiyo mwisho wake."

Gari lilikuwa moja. Baba aliliendesha Jumapili moja, binti Jumapili iliyofuata, na walikuwa wakigombania zamu kwa utani tangu Marlee atimize miaka kumi na minane. Siku hiyo Delmer alimaliza wa tisa. Aliposhuka alisimama muda mrefu akilipapasa goti lake la kulia, na Joetta akajifanya anafunga kamba za trela ili asionekane anamtazama.

Jioni walikula maharage na mkate wa mahindi. Marlee alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, bado amevaa sare yake yenye picha za maua, na alisikiliza habari ya Loyd bila kuacha kutafuna.

"Basi tuache mwaka huu," alisema.

"Nani aache?" Delmer aliuliza.

"Sisi. Mimi na wewe. Ovaroli mbili za tabaka mbili, baba, unajua ni bei gani?"

"Wewe ni wa tatu kwa pointi. Mtu wa tatu haachi."

"Pointi hazinivalishi."

Delmer alisukuma sahani. Tangu kiwanda cha makabati kifungwe alikuwa akipata siku tatu kwa wiki kwenye yadi ya vyuma chakavu, akikata magari ya watu wengine vipande vipande. Joetta aliona kwamba kitu pekee kilichomfanya anyoe ndevu ni Jumapili. Naye mwenyewe alikuwa mpishi wa shule. Shule ingefungwa baada ya wiki mbili, na mshahara nao ungelala hadi mwezi wa nane.

"Zipo za jino," alisema.

Wote wawili walimwangalia. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika wakati wa baridi, na tangu hapo alikuwa amezoea kuziba mdomo kwa mkono kila akiongea na mtu asiye wa nyumbani. Watoto wa shule walikuwa wamempa jina, naye alijua ni jina gani. Alikuwa ameweka akiba ya daktari wa meno kwenye kopo la unga: dola mia tatu na kumi.

"Hapana, Jo," Delmer alisema.

"Jino halijaniuma tangu lilipovunjika. Litasubiri."

"Mama, usifanye hivyo," Marlee alisema, lakini alisema kwa sauti ya chini, na Joetta alijua kwamba sauti hiyo ni ya mtu anayetaka kitu.

Duka la vifaa vya mbio lilikuwa mjini, mwendo wa saa nzima na ushee. Delmer alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Ndani mlikuwa na harufu ya mpira mpya, na ovaroli zilining'inia kwa safu kulingana na rangi, nyekundu hadi nyeusi. Delmer alishika mkono wa moja, akatazama bei, akauachia taratibu kama alivyoukuta.

Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mpole, wala hakuwaangalia viatu. Alizitandika ovaroli mbili juu ya kaunta.

"Hii ni kitambaa kimoja," alisema. "Pamba iliyotiwa dawa. Dola mia na thelathini. Moto ukikushika, inakupa sekunde tatu hivi kabla ngozi haijaanza kuungua. Hii hapa ni tabaka mbili. Inakupa kama sekunde kumi. Bei yake ni mia tatu na arobaini."

"Sekunde tatu unafanya nini?" Joetta aliuliza, mkono mdomoni.

"Kwa kweli, mama, si mengi. Unashtuka tu."

Delmer alisema ovaroli yake ya zamani ilikuwa pamba hiyohiyo ya dawa, na ilimfaa miaka yote.

"Mnaifuaje?"

"Kama nguo nyingine," Joetta alisema. "Mashine, sabuni. Na ile dawa ya kulainisha, maana ilikuwa inamkwaruza shingoni."

Muuzaji aliivaa miwani yake. Akaivua tena. "Dawa ya kulainisha inaimaliza," alisema. "Tena yenyewe inashika moto. Hiyo ya nyumbani, samahani, sasa hivi ni sawa na kuvaa pajama."

Joetta alihisi uso umemchemka. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akiipima ile dawa kwenye kifuniko kila Jumatatu, na kuongeza kidogo ili inukie vizuri.

Kwenye kona kulikuwa na kiti cha mbio kilichofungwa kwenye fremu ya chuma, chenye mikanda yote mitano, usukani na wavu wa dirishani. Muuzaji aliwaambia kwamba kila dereva anayekuja humo humkalisha hapo amwone anatoka vipi, maana ovaroli huchaguliwa kwa mtu, si kwa rangi. Marlee alikaa kwanza. Muuzaji alipiga makofi, naye akafyatua mkanda, akang'oa usukani, akaangusha wavu, akachomoka kichwa mbele kama paka anayetoka kwenye ndoo. Sekunde sita.

"Safi. Na wewe, bwana."

"Mimi sina haja," Delmer alisema.

"Kaa, baba. Acha kuringa."

Alikaa. Ilibidi asogezwe ili mikanda ifike tumboni, na kijana mmoja mteja aliyekuwa akipima glavu aliacha kupima akageuka kutazama. Makofi yalipopigwa Delmer alifyatua mkanda vizuri, akatoa usukani vizuri, kisha goti lile la kulia likakataa. Alijivuta kwa mikono, akanasa nyonga dirishani, akabaki hapo nusu ndani nusu nje akihema, mgongo wa shati la kanisani umepanda hadi mbavuni. Marlee alimshika kwapa kumsaidia.

"Niache," alisema.

Alipofika chini muuzaji hakutaja sekunde. Joetta aliiona saa mkononi mwake: ilikuwa imevuka kumi na nne.

"Ninyi wawili," muuzaji alisema akimgeukia Joetta, "kama ni ovaroli moja, ningeanza na yeye." Alimwonyesha Delmer kwa kidevu.

"Tupe bei ya saizi yangu," Delmer alisema, "tuimalize hii."

Saizi yake iliongezwa dola sitini, kwa ajili ya kitambaa cha ziada. Mia nne. Delmer aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akilitegemea jibu hilo.

Muuzaji aliingia stoo, akarudi na ovaroli ya bluu kwenye mfuko uliofunguliwa. Ilikuwa ya tabaka mbili, mpya. Mtu aliiagiza akashindwa kuilipia. Angewapa kwa mia mbili na themanini. Ila ilikuwa imeshatariziwa jina la mwanamume kwenye mkanda wa kiunoni, kwa uzi mweupe wa herufi nene: RONNIE. Na ilikuwa saizi ndogo.

"Naweza kulifumua hilo," Joetta alisema.

"Usilifumue, mama. Utaacha matundu, na ukishonea uzi wa kawaida unayeyuka, mshono unaachia. Uzi wake ni wa peke yake. Iache na Ronnie wake."

Marlee aliivaa, ikamkaa kama aliyepimwa. Alijigeuza mbele ya kioo, akajaribu kutotabasamu, akashindwa. Joetta alimtazama mumewe. Alitaka kusema wangoje, wakusanye, warudi siku nyingine wanunue ile kubwa ambayo wote wawili wangeweza kuivaa, hata kama Marlee angekunja mikono. Lakini siku nyingine hiyo ingekuwa baada ya msimu kwisha. Delmer alikuwa ameshaanza kuhesabu noti za kopo la unga, na mojawapo ilikuwa bado na unga, akaipangusia kwenye suruali.

Mji ulikuwa umebaki nyuma yao.

"Mimi nimemaliza," Delmer alisema. "Miaka ishirini na sita inatosha. Dereva wetu ni huyo nyuma."

"Ronnie," Marlee alisema. Wakacheka wote watatu, na Joetta akaamini kwamba yamekwisha.

Mwezi wa sita wote Marlee aliendesha kila Jumapili. Watu wa Pell Creek hawakuliacha lile jina. "Ronnie, umependeza leo," walimwambia kwenye foleni ya ukaguzi. "Huyo mumeo Ronnie yuko wapi?" Marlee aliwajibu kwamba Ronnie amekufa, na yeye ameachiwa nguo tu. Kisha aliwapita kwenye kona ya tatu, na alipanda hadi wa pili kwa pointi.

Delmer alimfungia mikanda, alimpigia upepo magurudumu, alikaa juu ya tairi la akiba mbio zikianza. Hakupiga kelele kama zamani. Nyumbani aliacha kunyoa. Siku za kazi alirudi akaenda moja kwa moja kukaa ndani ya gari la mbio lililokuwa uani, mlango wa banda umefungwa nusu, na Joetta alipomwita chakula alijibu anakuja, akawa haji. Joetta hakumsema. Alidhani ni jambo ambalo lingejichosha lenyewe.

Juma moja la mwezi wa saba Marlee alipangiwa kazi Jumapili. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amejifungua kabla ya wakati, na msimamizi alimwambia wazi kwamba asipofika Jumapili, asifike na Jumatatu. Alilia kidogo chooni, akatoka akasema basi, ni wiki moja tu.

"Pointi ni za gari," Delmer alisema. "Si za dereva. Gari likikaa nyumbani tunashuka hadi wa tano."

"Tushuke," Joetta alisema.

Delmer alitoka kwenda bandani.

Jumamosi mchana Joetta alirudi kutoka dukani akamkuta mumewe mezani jikoni, miwani puani, ile ovaroli yake ya zamani mapajani. Kulikuwa na sindano ya kushonea maturubai mkononi mwake na uzi wa kuvulia samaki. Alikuwa akiishonea lebo nyingine kwenye mkono.

"Umeipata wapi?"

"Yadini. Kulikuwa na ovaroli kwenye buti la gari moja, ya mtoto, panya wameila yote. Mkono ulikuwa umepona." Hakuinua uso. "Ni ya tabaka mbili. Halali kabisa."

"Lebo ndiyo halali."

"Ni mbio za mizunguko kumi na tano, Jo. Nimeendesha na nguo hii miaka yote. Juzi juzi tu ndipo imekuwa pajama."

"Uliona ulivyotoka kwenye kile kiti?"

Hapo Delmer aliinua uso, na Joetta akajuta kusema. Uso wa mumewe ulikuwa na ndevu za wiki tatu na macho mekundu ya kukata vyuma. "Niliona," alisema. "Na yule kijana wa glavu aliona. Nipe Jumapili moja ambayo mimi si yule mtu."

Alirudi kwenye kushona. Joetta alipanga vitu kabatini, akichelewesha kila kopo. Mshono wa Delmer ulikuwa wa mtu anayefunga mzigo: mrefu hapa, mfupi pale, lebo imeenda upande, na uzi wa samaki uking'aa. Kipofu angeujua. Joetta alimwona Loyd akiishika lebo hiyo kesho mbele ya foleni nzima. Alisikia kitakachosemwa na aliyesema habari ya supu, na kicheko, na Delmer akicheka nao. Kisha akamwona akirudi kwenye trela akiwa na kitu kingine kilichovunjika ndani yake, baada ya kiwanda, baada ya goti, baada ya kile kiti.

"Lete hapa," alisema.

"Nini?"

"Lete. Utajiaibisha."

Aliufumua uzi wa samaki kwa wembe. Aliisugua lebo kwa kitambaa chenye kahawa mpaka weupe wake ukalingana na uchakavu wa mkono. Kisha akaketi kwenye cherehani yake, akachagua uzi mweusi uliokaribiana na kitambaa, akaishona kwa hatua ndogo ndogo, kona nne zimekaa sawa, kama ilivyotoka kiwandani. Alikuwa mshonaji mzuri. Nusu ya magauni ya maharusi wa kanisa lao yalipita mikononi mwake. Alipomaliza Delmer aliitazama, akambusu utosini, akaenda kunyoa.

Kesho yake Loyd aliipitishia lebo kidole. "Umenunua hatimaye?"

"Tabaka zenyewe nimeziweka ndani," Delmer alisema. "Huku nje nimebaki na ya zamani kwa mapenzi."

Loyd alicheka. Alimtupia Joetta jicho, na Joetta akaweka mkono mdomoni kama kawaida yake. Labda Loyd alidhani anaficha kicheko. Aliweka alama kwenye kioo cha gari kwa chaki, akamwita anayefuata.

Mizunguko minne ya kwanza Delmer aliendesha vizuri kuliko alivyowahi kuendesha miaka mingi. Joetta alisimama kwenye uzio akajikuta anapiga kelele, yeye ambaye hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kwenye mzunguko wa tano gari jekundu liliteleza mbele yake, Delmer akalikwepa, na wa nyuma yake akamgonga kwa nyuma kwa nguvu zote. Gari la Rusk liligeuka, likagonga ukuta kwa ubavu, likasimama. Vumbi lilipotulia, chini yake palikuwa na moto mdogo, wa bluu karibu, usioonekana vizuri kwenye jua. Kisha haukuwa mdogo tena.

Wavu wa dirishani ulianguka mara moja. Joetta aliuona ukianguka, akaona mikono ya Delmer ikitoka, helmeti ikitoka, mabega yakitoka. Hapo akakwama. Alibaki hapo nusu ndani nusu nje, akijivuta, kama alivyobaki siku ile dukani, na moto ukampanda mgongoni. Wazimamoto wa kujitolea walikuwa wameshafika na mitungi yao, wakimmwagia, wakimvuta. Si watu waliochelewa. Alitoka akiwa mikononi mwao, akitoa moshi. Mtu alimshika Joetta kiuno asiruke uzio, na Joetta hakujua hadi baadaye kwamba alimng'ata.

Walimpeleka kwa helikopta hadi hospitali ya majeraha ya moto, jiji la mbali. Mgongo, nyonga, mapaja yote mawili, mkono wa kushoto. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alisema ataishi, na akasema neno hilo kwa namna ya kumwambia Joetta asifurahi haraka. Wangechukua ngozi ya kifuani wapandikize nyuma, kidogo kidogo, mara nyingi.

Marlee alifika na sare yake ya maua. Alimtazama baba yake kwenye kioo cha mlango, kisha akamgeukia mama yake.

"Alivaa nini?"

Joetta alimwambia yote, mpaka kahawa.

Marlee hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha ukutani, akaikunja na kuikunjua kofia yake ya kazini. "Ungenipigia simu tu, mama," alisema. "Ningeacha ile kazi."

Loyd Tackett alikuja siku ya nne. Alisimama ukumbini kofia mkononi, na ilionekana hajalala.

"Kampuni ya bima imechukua mabaki ya ovaroli," alisema. "Mkono wa kulia haukuungua. Wana watu wao wa kutazama nyuzi. Mimi niliipitisha, Jo. Nilishika kwa mkono wangu huu. Ilikuwa nzuri mno, sikutazama mara ya pili."

"Ni uzi wa kawaida. Niliushona kwa cherehani yangu."

"Usiniambie mimi. Nikiulizwa ilhali nimeambiwa, inabidi niseme."

"Sema."

"Ukinyamaza, wanaweza wakadhani aliuziwa hivyo. Mtu hutapeliwa. Wanaweza wakalipa hata nusu."

Joetta alifikiri. Alifikiri kweli, kwa sababu nusu hiyo ndiyo ingeiokoa nyumba yao. "Na wewe watakuambia nini?" aliuliza.

"Kwamba nilipitisha kitu bila kukagua. Au kwamba nilijua."

"Watakufukuza?"

Loyd aliigeuza kofia. "Watanishtaki, wamesema."

Mlango wa wadi ulifunguliwa, muuguzi akapita na mkokoteni wa bandeji, na sauti ya Delmer ikasikika kutoka ndani, sauti isiyofanana na ya mtu. Wote wawili walitazama chini hadi mlango ulipojifunga.

"Waambie nimeshona mimi," Joetta alisema, "na nilikudanganya usoni. Kwa sababu nilikudanganya."

Bima haikulipa kitu. Loyd hakushtakiwa, ila hakuruhusiwa tena kukagua magari. Pell Creek waliandaa chakula cha kuchangisha kwenye kituo cha zimamoto, tambi na mchuzi wa nyama, watu wakala, helmeti ikapitishwa meza hadi meza. Ilipofika meza aliyokaa Joetta hakujua aipokee au aipitishe. Mwanamke aliyekuwa karibu naye, ambaye Joetta alimshonea binti yake gauni la harusi, aliichukua akaipitisha juu ya kichwa cha Joetta.

"Tumesikia ulishona wewe," mwanamke yule alisema, akimwekea mkono begani kwa huruma kabisa. "Maskini. Na unavyojua kushona."

Marlee aliiuza ovaroli ya bluu na injini, na kila kitu cha gari kilichouzika. Alichukua zamu mbili kwenye nyumba ya wazee. Nyumbani aliongea na mama yake juu ya dawa, mafuta ya gari, nani atampeleka baba kliniki. Hayo tu.

Delmer alirudishwa nyumbani mwezi wa kumi. Muuguzi alikuwa amemfundisha Joetta kila kitu: kulowanisha bandeji kabla ya kuitoa, kutovuta, kupaka dawa kwa glavu, kuanzia juu kwenda chini. Alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Hata muuguzi alisema.

Walifanya kila asubuhi jikoni, kwenye mwanga, Delmer amekaa kwa kugeuza kiti, kifua juu ya egemeo, uso dirishani. Banda la gari lilikuwa wazi na tupu. Hakuwahi kumlaumu. Hospitalini alikuwa akimshika mkono wakati wa maumivu, na aliporudi alimshukuru kwa kila kikombe cha maji, kwa adabu iliyomwogopesha Joetta kuliko matusi. Mara kadhaa Joetta alikuwa ameanza kusema, na kila mara Delmer alimwuliza kitu kuhusu hali ya hewa.

Asubuhi moja yenye umande mwingi alikuwa akiitoa bandeji ya begani, sehemu mbaya kuliko zote, ambayo ilikuwa imekataa kupona, na Delmer alikuwa ametulia tuli. Joetta alidhani amelala.

"Ungeniacha na ule mshono wangu," Delmer alisema, bila kugeuka, "Loyd angenirudisha nyumbani."

Kitambaa kilikuwa mkononi mwake kikidondosha maji. Hayo Joetta alikuwa amekwisha kujiambia, kila siku, kwenye barabara ya kwenda na kurudi kule jijini.

"Wangenicheka," Delmer alisema. "Ningekununia wewe wiki nzima. Halafu yangeisha."

"Ndiyo," Joetta alisema.

Delmer aliendelea kutazama dirishani. Joetta aliloweka kitambaa tena, akakikamua, akasogea karibu ili aone vizuri pale ngozi mpya ilipokutana na ya zamani.

"Inua mkono," alimwambia.

Akauinua, polepole, kadiri ulivyoweza kwenda.